Kioo Hulala Juu ya Bati

Mwaka 2023, kiwanda cha vioo bapa cha Sapphire kilipozinduliwa Mkuranga mkoani Pwani, watu walizungumzia ajira, mitaji na bei ya madirisha. Mimi nililiwaza bati. Kioo bapa cha siku hizi hutoka tanuruni kikiwa kimeyeyuka, kikatandazwa juu ya bwawa la bati nalo limeyeyuka, kikaelea humo huku kikipoa taratibu kutoka nyuzi joto kama 1,100 hadi 600 hivi, ndipo kinapokuwa kigumu cha kutosha kuinuliwa. Alastair Pilkington na wenzake wa St Helens, Uingereza, waliitangaza njia hiyo mwaka 1959 baada ya miaka saba ya kuhangaika nayo. Walichagua bati kwa sababu ni zito kuliko kioo, huyeyuka kwenye nyuzi 232 tu, na halichemki mpaka nyuzi 2,600 zifikiwe. Kwetu Nyakatuntu kuna wazee waliopinda migongo wakilichimba bati hilo Kyerwa, na hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba dirisha la duka wanalopita kila siku limelazwa juu yake.

Kisha mwaka huu mdogo wangu, mtoto wa baba mdogo, akanipigia simu. Alikuwa amepima mzigo ule ule wa bati katika vituo viwili, kwa mashine mbili za aina moja, na majibu yakapishana kwa kiasi cha kutosha kulipa ada ya mtoto. "Kaka," akaniuliza, "hivi mwanga nao unadanganya?"

Swali lake limenirudisha mbali, kwa kuwa kazi yangu yote imekuwa hiyo: kujua kilichomo ndani ya kitu kwa kuusoma mwanga unaotoka kwake. Mimi niliifanya kwenye kioo. Yeye anaihitaji kwenye bati.

Utotoni mwangu, mwishoni mwa miaka ya 1980, Nyakatuntu ilikuwa bado ndani ya Wilaya ya Karagwe. Kyerwa, ambako imo sasa, ilikuja kuwa wilaya mwaka 2012. Migomba, maharage na kahawa ndivyo vilivyotulea. Lakini nyumba nyingi zilikuwa na mtu wa bati. Vilima vyetu vimo katika ukanda wa miamba unaoitwa Karagwe-Ankole, unaopita pia kusini-magharibi mwa Uganda, Rwanda na Burundi, na ndani ya miamba hiyo mna bati, tungsteni na tantalamu. Mavuno ya kahawa yakiisha, baba mdogo alifunga sululu na blanketi kwenye baiskeli akaelekea machimboni. Akirudi alikuwa na mfuko mdogo ambao mtoto hawezi kuuinua, mzito kupita ulivyoonekana.

Jiwe lenyewe, kasiteraiti, ni jeusi au la kahawia. Lililo safi kabisa lina bati karibu asilimia 79, kilichobaki ni oksijeni. Lakini hakuna mchimbaji anayelipata likiwa safi kabisa. Walilipondaponda, wakaliosha kwenye karai, mchanga mwepesi ukaondoka na maji, na kilichotulia chini kilikuwa bati pamoja na chuma na mawe mengine meusi yanayofanana nalo mno.

Mnunuzi alikuja na mizani ya kuning'iniza, sumaku na kichupa cha tindikali. Alibandua kipande cha zinki kwenye betri kavu ya redio, akaweka juu yake chembe chache za jiwe, akadondosha tindikali. Povu likatoka. Baada ya dakika chache chembe za bati zilivaa utando wa kijivu wenye kung'aa, na zile zisizo bati zikabaki nyeusi. Ni kipimo cha kweli. Wanajiolojia wamekitumia porini kwa miaka mingi. Sisi watoto tulichuchumaa kuzunguka kile kipande cha zinki tukahesabu chembe zilizobadilika.

Lakini zinki hujibu swali moja tu: ni bati au si bati? Kwa swali la kiasi gani, mnunuzi alitumia jicho lake. Alimimina mchanga kiganjani, akaugeuza juani, akasema, "Mzee, hili lina chuma kingi," na bei ikashuka palepale. Baba mdogo hakuwa mtu wa kunyamaza. Barazani alikuwa na sauti. Mbele ya mnunuzi alinyamaza, kwa sababu hakuwa na neno la kuweka upande wa pili. Yule mtu huenda alisema kweli. Hatukuwa na njia yoyote ya kujua, na huo ulikuwa umaskini wa aina nyingine juu ya ule tuliokuwa nao.

Jibu la kwanza nililipata shuleni, kidato cha tatu, kwenye kipimo cha mwali ambacho kila mwanafunzi wa kemia nchini anakijua. Unachovya ncha ya waya kwenye chumvi fulani, unaiweka motoni, na moto unabadilika rangi: sodiamu njano, shaba kijani chenye ubuluu, kalsiamu nyekundu ya tofali, potasiamu zambarau nyepesi. Mwalimu wetu hakuridhika na chumvi za kwenye makopo. Alileta majivu ya maganda ya ndizi, yale ambayo bibi zetu walichuja maji yake kulainishia maharage, akatuambia yana potasiamu tele. Tukayaweka motoni. Tukaona njano tupu.

Ndipo akatoa kipande cha kioo cha buluu, kilichotiwa kobalti, akatuambia tuutazame mwali kupitia humo. Njano ikafutika. Zambarau ikajitokeza, hafifu lakini dhahiri. Akaeleza kwamba sodiamu iko kila mahali, kwenye jasho la vidole, kwenye vumbi, na mwanga wake una nguvu ya kuwafunika wengine wote. Kioo cha buluu kinameza njano na kumwachia potasiamu nafasi. Siku hiyo nilijua kwamba kila elementi ina mwanga wake isioweza kuuficha, na kwamba kazi ngumu ni kuutenganisha mwanga mmoja na mwingine. Nilijua pia, ingawa sikuweza kulisema vizuri wakati ule, kwamba kioo ndicho kilichotuwezesha kuona.

Nilikuja kusoma baadaye kwamba elimu hii yenyewe ilizaliwa katika karakana ya vioo. Joseph von Fraunhofer, yatima wa Bavaria aliyefunzwa kazi na fundi vioo, alikuwa akitengeneza lenzi za darubini. Mwaka 1814, akitafuta namna ya kupima kwa usahihi jinsi kila aina ya kioo inavyopinda mwanga, aliupasua mwanga wa jua kwa mche wa kioo akakuta mistari myeusi mamia ndani ya rangi zake. Hakujua maana yake, ila aliichora na kuipa herufi. Alifariki mwaka 1826, hajatimiza miaka 40. Mwaka 1859 Robert Bunsen na Gustav Kirchhoff, huko Heidelberg, ndio walioonyesha kwamba mistari ile ni alama za elementi, na ndani ya miaka miwili wakagundua elementi mbili mpya, sizi na rubidi, kwa kuangalia mwanga tu. Mtu alikuwa anataka kioo kizuri zaidi. Akatuachia njia ya kujua jua limeumbwa kwa nini.

Kazi yangu ya kwanza ilikuwa katika maabara ya kiwanda cha chupa. Kioo cha chupa si kitu cha siri: mchanga safi, magadi, chokaa, na chupa chakavu zinazokusanywa mitaani na kurudishwa tanuruni. Kikishaiva huwa na silika kama asilimia 72, oksidi ya sodiamu 13 au 14, oksidi ya kalsiamu kama 10, na vitu vidogo vidogo. Magadi ndiyo yanayoushusha mchanga uyeyuke kwenye joto ambalo tanuru linaweza kulimudu. Ukanda wetu umebarikiwa magadi; Ziwa Magadi la Kenya limekuwa likichimbwa kwa zaidi ya karne, na Tanzania ina hazina ya Engaruka. Yakipungua hata asilimia moja, kioo kinakuwa kizito kutiririka, tone linaloangukia kwenye umbo halijazi vizuri, na bega la chupa linatoka jembamba.

Utaratibu wetu ulikuwa huu. Kila zamu ilichukua sampuli ya kioo, ikapozwa, ikakatwa, ikasuguliwa, ikapelekwa kwenye mashine ya eksirei maabarani. Majibu yalitoka zamu iliyofuata, mara nyingine kesho yake. Tatizo ni kwamba tanuru huwa limeshiba. Kinachomwagwa leo mlangoni kinazungukazunguka ndani, kikichanganyika na kioo cha jana, na kosa la asubuhi linaweza kujionyesha usiku. Ukilipata jibu kesho, unasoma habari za kioo ambacho tayari kimeshakuwa chupa.

Usiku mmoja mabega ya chupa yalianza kutoka membamba. Fomani, fundi mzoefu aliyeweza kulisoma tanuru kupitia kioo chake cha buluu kama wengine wanavyosoma gazeti, aliamini vichomeo vimechoka, akaongeza moto. Mafuta yakaungua zaidi, kioo kikajaa mapovu, mabega yakabaki vile vile. Alfajiri rundo la chupa za kusagwa lilikuwa limefika kimo cha ukuta. Wakubwa walipofika walitaka mtu, na aliyekuwa karibu ni kijana wa kibarua aliyekuwa akimimina malighafi kwenye mkanda. Aliambiwa amevuruga vipimo, akarudishwa nyumbani kabla ya saa tatu asubuhi bila kusikilizwa.

Majibu ya maabara yalitoka mchana. Sodiamu ilikuwa imepungua kidogo kidogo kwa siku nzima. Tulipofuatilia tukakuta magadi yamelowa unyevu ghalani, yakaganda, yakanata kwenye mizani ya mkanda, na mizani ikawa inahesabu uzito usioingia tanuruni. Kijana yule hakuwa na kosa lolote. Niliwapelekea karatasi. Waliipokea, wakaitia kwenye faili, na yule kijana hakuitwa.

Nimelifikiria jambo hilo zaidi ya jambo lolote la kazi yangu. Katika pengo lile la saa kadhaa, kati ya kosa na jibu, kila mwenye cheo alikuwa huru kuamini alichotaka, na asiye na cheo ndiye aliyelipa. Tangu hapo kasi ya kipimo kwangu ikawa jambo la haki, sawa na usahihi wake.

Ndiyo maana nilishtuka, katika mafunzo Ulaya miaka kadhaa baadaye, walipotuonyesha namna nyingine. Leza inapiga kioo kwa mapigo mafupi mno, ya sehemu za bilioni za sekunde. Kila pigo linageuza chembe isiyoonekana kwa macho kuwa plazima, gesi yenye joto linalopita nyuzi 10,000, na plazima ile inapopoa inatoa mwanga. Mwanga unaingia kwenye kifaa kinachoupasua kama mche wa Fraunhofer, na kwenye skrini inasimama mistari: silikoni hapa, kalsiamu pale, sodiamu kwenye ile njano yake niliyoijua tangu kidato cha tatu. Chumba kizima kilisikika tak-tak-tak, kila pigo cheche moja. Hakuna kukata wala kusugua. Kioo kinaweza kuwa bado kimeyeyuka, na kifaa kimesimama mbali na joto.

Wazo si jipya. Leza ya kwanza ilifanya kazi mwaka 1960, na mwaka 1962 Brech na Cross walikuwa wameshaitumia kung'oa mvuke kwenye vitu vigumu ili wausome mwanga wake. Chombo cha Marekani, Curiosity, kilichotua Mirihi mwaka 2012, kinapiga miamba kwa leza kutoka umbali wa hadi mita saba na kuisoma hivyo hivyo. Viwandani njia hii imejaribiwa juu ya kioo kilichoyeyuka, juu ya malighafi zikiwa bado kwenye mkanda, na juu ya chupa chakavu ili kuvinasa vipande vya kauri au vya vyombo visivyoyeyuka kwa joto la kawaida kabla havijaingia tanuruni. Aachen, Ujerumani, wanaoiendeleza leza hii wamo katika taasisi yenye jina la Fraunhofer yule yule.

Kwa kioo ina ubora mmoja ambao mashine ndogo ya eksirei ya kushika mkononi haina. Eksirei ya sodiamu ni dhaifu kiasi kwamba hewa inaimeza kabla haijafika kwenye kifaa, kwa hiyo maabara huhitaji chumba kilichotolewa hewa. Kwenye leza sodiamu ndiyo inayong'aa kuliko wote. Lakini walionifundisha hawakutuficha udhaifu wake. Pigo moja na linalofuata hayafanani. Unapiga mamia, unachukua wastani. Na kifaa hakijui asilimia. Kinajua ukali wa mwanga tu, mpaka umekionyesha vipande vya kioo ambavyo kemia yake imeshapimwa kwa njia nyingine, kikajifunza ukali fulani ni kiasi gani. Usipofanya hivyo una rangi nzuri kwenye skrini na hakuna zaidi.

Niliporudi Dar es Salaam fundi mmoja wa vioo, mtu ambaye hakuwahi kukanyaga maabara, alinionyesha kitu. Alizima taa ya duka, akawasha taa ndogo ya mwanga wa urujuanimno, akamulika kioo bapa upande mmoja: kikawa cheusi, kimya. Akakigeuza: uso ukang'aa weupe wa maziwa. Upande ule ndio uliolala juu ya bati, akasema, na chembe zake zimebaki humo. Anayechapa picha au kupaka rangi lazima aujue, maana pande mbili hazishiki sawa. Nilisimama pale nikamfikiria baba mdogo, aliyekuwa ameshafariki. Bati linaonekana kwa mwanga hata likiwa limebaki kwenye uso wa kioo kwa kiasi kisichoweza kupimwa kwa mizani yoyote.

Kisha masoko ya madini yakaja. Baada ya mkutano wa Rais Magufuli na wachimbaji wadogo Januari 2019, soko la kwanza lilifunguliwa Geita mwezi Machi, mengine yakafuata mikoani, na bati la Kyerwa nalo likapata pa kuuzwa. Nilikwenda nyumbani likizo nikaongozana na mdogo wangu hadi kituo kimoja cha kununulia. Zinki na tindikali vilikuwa vimetoweka. Mezani palikuwa na mashine ya eksirei yenye umbo la bastola. Inafanya kazi kwa undugu na zile njia za mwali na leza: eksirei inagonga elektroni za ndani za atomu, atomu inajipanga upya na kutoa eksirei yake yenyewe, na nishati ya eksirei hiyo inataja elementi. Bati linasikika vizuri sana kwa njia hii, tofauti na sodiamu.

Nilifurahi, kisha nikaangalia jinsi inavyotumika. Mzee mmoja alifungua mfuko wake, mchanga bado umelowa kutoka mtoni. Mpimaji aliigusisha mashine juu ya mfuko, akaangalia skrini iliyoelekea kwake, akaandika. Mzee hakuona kitu. Akaambiwa namba, akaitikia "haya," kwa sauti ile ile ya baba mdogo.

Hapo ndipo jibu la simu ya mdogo wangu lilipo. Mashine haidanganyi, inasema kweli kuhusu kile kidogo tu ilichoonyeshwa. Eksirei inaingia chini kidogo mno ya uso wa mchanga. Mfuko ukisafiri kwa pikipiki, chembe nzito za bati zinashuka chini na nyepesi zinabaki juu, kwa hiyo anayepima juu anapima mchanga. Chembe kubwa na ndogo hazisomeki sawa. Maji yanapunguza asilimia, kwa kuwa nayo ni sehemu ya mzigo. Na hapa pana mtego ambao watu wengi hawauoni: mzigo ukipimwa asilimia ukiwa umelowa na ukapimwa uzito ukiwa umelowa, hesabu inakaribia haki. Ukipimwa asilimia ukiwa umelowa, kisha ukaanikwa ndipo ukapimwa uzito, muuzaji amelipia maji mara mbili. Kinyume chake, mnunuzi ndiye anayeumia.

Juu ya yote hayo, ni lini mara ya mwisho mashine ile ilionyeshwa sampuli inayojulikana? Kiwandani tulianza kila zamu kwa kipande cha kioo cha kipimo, na namba isipokuja ile inayotarajiwa, hakuna kilichopimwa mpaka tatizo lipatikane. Kwa bati dawa ni hiyo hiyo: mchanga uliochimbwa Kyerwa penyewe, wenye chuma na tantalamu yake ya Kyerwa, usagwe, uchanganywe, upimwe katika maabara zaidi ya moja, kisha ugawanywe katika vikopo vilivyofungwa na kuwekwa kwenye kila kituo. Asubuhi, kabla ya mfuko wa kwanza, kikopo kipimwe mbele ya waliokuja kuuza, na namba isomwe kwa sauti. Skrini ielekezwe pande zote mbili. Ni gharama ndogo kuliko mashine yenyewe, na ndiyo inayoifanya mashine iwe kipimo.

Nilimweleza mdogo wangu hayo, na nikamwambia aanze na yale yaliyo mikononi mwake: aukaushe mchanga, ausage, aumwage juu ya turubai, auchanganye, augawe katika mafungu manne, achukue mawili yanayotazamana, arudie mpaka abaki na kiasi cha kikombe, na hicho ndicho kipimwe, kwenye mashine zote mbili. Alifanya hivyo. Majibu yakakaribiana kiasi kwamba vituo vyote viwili vilikubali bei moja. Sasa wachimbaji wa kikundi chao wanachangishana fedha za kinu kidogo cha kusagia sampuli, na wameniomba niwaandikie barua ya kuomba vile vikopo. Nimeianza jana usiku.